Safari ya Uwanjani kwa Mtu wa Lamadi

Safari ya kwenda kwenye uwanja mkubwa wa soka huwa na haja mbili ambazo wasafiri wengi huzifunga pamoja bila kujua: kuona mechi na kuona uwanja. Lamadi ni mji mdogo wa wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, uliokaa pale barabara ya Bariadi inapoikuta ile ya Mwanza na Musoma, karibu na ziwa na karibu na geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kwa mkazi wake, viwanja vinavyostahili kupangiwa safari ni viwili. CCM Kirumba uko Mwanza, mwendo wa kilomita zaidi ya 100 za lami, na mtu huenda akarudi siku hiyohiyo. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na safari yake hula siku kadhaa na akiba ya miezi.

Kuhusu haja ya pili, uwanja na makumbusho yake, wengi husafiri na picha waliyoipata kwenye televisheni ya kibanda umiza. Barcelona walifungua makumbusho yao Camp Nou mwaka 1984. Manchester United wakafuata Old Trafford mwaka 1986, na jumba lao la sasa lilifunguliwa na Pelé mwaka 1998. Huko mgeni hukata tiketi moja, akapitishwa mbele ya vikombe, akaingizwa chumba cha kubadilishia nguo, akasimama ukingoni mwa nyasi, kisha akatokea mlango wa duka la jezi. Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kirumba ni mali ya chama cha CCM, Mkapa ni mali ya serikali, na klabu zinazoujaza, Simba na Yanga, ni wapangaji tu. Mpangaji hajengi kabati la vikombe ukutani kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo makumbusho ya soka la Tanzania yametawanyika: mengine yako mitaani, mengine vichwani mwa wazee, na mengine yako mahali ambapo hakuna anayeyatafuta, kama itakavyoonekana mbele. Mgeni asiyeyaweka kwenye mpango wake tangu nyumbani hurudi na dakika 90 peke yake.

Mpango huanza na kalenda, na Lamadi ina kalenda tatu zisizoelewana. Ya kwanza ni ya ligi, inayoanza karibu na Agosti na kumalizika Mei au Juni. Ya pili ni ya mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotanda wavuvi hupumzika, nyavu hutengenezwa, na watu wa mwaloni hupata nafasi ya kusafiri. Ya tatu ni ya pamba. Soko lake hufunguliwa kwa kawaida Mei, na fedha huingia mifukoni wakati ligi inafunga milango. Mkulima wa Busega huwa na nauli wakati hakuna mechi, na huwa na mechi wakati hana nauli. Ndiyo maana safari nyingi za wakulima huangukia matamasha ya kufungua msimu, Simba Day na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, ambayo huujaza Uwanja wa Mkapa wakati vumbi la pamba bado liko kwenye nguo. Simba Day kwa asili ni Agosti 8, siku ya Nanenane, ingawa siku hizi tarehe yake huhama. Mwaka 2018 na 2019 Nanenane ya kitaifa ilifanyika Nyakabindi, Bariadi, na mwana Simiyu mwenye kadi ya Simba alilazimika kuchagua kati ya maonyesho ya mkoani kwake na ya klabu yake. Ilivyoonekana, waliochagua uwanja hawakuwa wachache.

Kalenda ya ligi nayo si ya kuaminiwa moja kwa moja. Mei 8, 2021, dabi ya Simba na Yanga iliyopangwa kuanza saa 11 jioni ilisogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walishikilia saa ya awali, wakaondoka, na mchezo ukaja kuchezwa Julai 3. Machi 8, 2025 dabi nyingine iliahirishwa siku ileile ya mchezo, na ilipochezwa Juni 25 Yanga walishinda 2-0. Mtu wa Temeke, jirani na uwanja, siku kama hizo hukasirika na kwenda nyumbani kwake kulala. Mtu wa kanda ya ziwa hubaki stendi na begi. Kuna jambo la pili: mechi inayoitwa ya nyumbani kwa Simba au Yanga si lazima ichezwe kwa Mkapa. Uwanja ukiwa kwenye ukarabati, au ukitengwa kwa ajili ya mashindano, klabu huhamia Azam Complex ya Chamazi au KMC Complex ya Mwenge. Hata mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane, Mei 2025, ilipelekwa Amaan, Zanzibar, na aliyekwisha kukata tiketi ya basi la Dar es Salaam akalazimika kufikiria boti. Busara iliyotokana na matukio haya ni kutokata tiketi ya kurudi kwa siku inayofuata mchezo. Siku moja ya ziada iachwe katikati, na hiyo ndiyo inayogeuka kuwa siku ya makumbusho.

Fedha za safari ya kundi hukusanywa kwa michango ya kila wiki, na matawi ya washabiki ya Lamadi yamejifunza kwamba mweka hazina asiwe msafiri. Msafiri akishika fedha za wenzake, kila dharura ya njiani huwa yake. Jambo lingine ambalo wageni huliona la ajabu ni kwamba Simba na Yanga wa mji mmoja hukodi Coaster moja. Nauli haina rangi. Wanapokwenda hukaa mchanganyiko na kelele huwa za pande zote. Wanaporudi hukaa kimakundi, na upande uliofungwa huwa mkimya mpaka Singida, ambako mtu mmoja hununua kuku na maneno huanza tena.

Kirumba ni safari nyepesi, na anayeanza angeanzia hapo. Uwanja ulianza kutumika 1980, hubeba watu wapatao 35,000, na uko kata moja na soko la samaki la Mwaloni ambalo wafanyabiashara wa dagaa wa Lamadi hulijua kuliko wanavyoijua Bariadi yenyewe. Wengi wao wameuona uwanja mara nyingi kwa nje, wakiwa juu ya magunia, kabla ya kuingia ndani. Klabu ya Pamba iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20, mfanyabiashara wa dagaa aliweza tena kuuza mzigo asubuhi na kukaa jukwaani jioni. Anayebaki na saa chache afike pia Nyamagana, katikati ya jiji. Ni uwanja mdogo wenye nyasi bandia siku hizi, na mpita njia hawezi kudhani lolote. Hapo ndipo Agosti 10, 1974 Simba na Yanga walipoletwa kuamua bingwa wa nchi, na Yanga wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Gibson Sembuli alisawazisha mchezo ukikaribia kwisha, Sunday Manara akafunga la ushindi. Wazee wa Mwanza huisimulia mechi hiyo kwa dakika, na hawakubaliani kuhusu karibu kila dakika.

Kati ya Lamadi na Kirumba kuna kituo ambacho washabiki hukipita kwa kasi, nacho ndicho makumbusho bora ya upinzani wa michezo katika nchi hii. Ni Bujora, juu ya kilima karibu na Kisesa, kilomita 20 hivi kabla ya kuingia Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa hapo na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika Bujora miaka ya 1950. Kuna ngoma za watemi, kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kuna kanisa la duara lililofuata nyumba ya Kisukuma. Mshabiki wa soka, hata hivyo, aombe kwanza kuonyeshwa habari za Wagika na Wagalu.

Hivi ni vyama viwili vya wachezaji ngoma vilivyoigawa Usukuma tangu karne ya 19. Chimbuko lake hutajwa kuwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kuhusu dawa ya nani ina nguvu zaidi. Shindano halikuamuliwa kwa mabishano. Kila mmoja alikusanya wafuasi wake, wakacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na aliyevuta watazamaji wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Utaratibu huo ulidumu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, makundi mawili husimama pande mbili za uwanja, kila moja na ngoma zake, mbwembwe zake na mganga wake, na watazamaji huhama huku na huku mpaka upande mmoja unapokauka. Hakuna mwamuzi wala bao la kubishaniwa. Umati wenyewe ndio matokeo. Mtu alizaliwa Mgika au Mgalu kwa sababu baba yake alikuwa hivyo, akaoa upande wa pili, akataniana na shemeji zake maisha yote.

Anayetoka Bujora na habari hizo kichwani akaingia kwa Mkapa siku ya dabi haoni tena kitu kigeni. Pande mbili za uwanja, rangi mbili, ngoma zisizonyamaza, na sifa kubwa ikienda kwa upande uliojaza. Yanga iliasisiwa 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam, na Usukuma ulizipokea kwa urahisi kwa sababu chombo cha kuzipokelea kilikuwapo. Hata dawa haikupotea njiani. Ilibadilisha jina tu ikaitwa kamati ya ufundi, na ni jambo la kawaida kusikia timu imetozwa faini kwa kukataa kupita mlango uliopangwa na kuingia kwa mlango mwingine. Mtunza makumbusho wa Ulaya angekuwa na kazi ngumu kuliweka hilo ndani ya kioo. Bujora hulieleza vizuri, tena bila kukusudia. Sikukuu ya Bulabo, inayofanyika hapo wakati wa Ekaristi Takatifu mwezi Juni, huleta mashindano hayo hadharani, na ndiyo siku ya kuchagua kama kalenda inaruhusu. Siku nyingine yoyote, boda kutoka Kisesa hutosha.

Njia ya kwenda Dar es Salaam imefupika kwa mtu wa Lamadi kuliko wengi wanavyofahamu. Zamani ilikuwa lazima kuzunguka Mwanza. Lami ya Lamadi, Bariadi, Maswa hadi Mwigumbi ilipokamilika, basi linaweza kukata moja kwa moja hadi Shinyanga, kisha Nzega, Igunga, Singida na Dodoma. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, saa ya kuondoka si lazima iwe alfajiri. Kuanzia Dodoma kuna uchaguzi mpya: treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Huongeza gharama, lakini aliyelala kwenye kiti cha basi tangu Bariadi huithamini. Basi huishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na hapo wageni wengi hufikiri wamefika. Uwanja uko Temeke, ng'ambo ya pili ya jiji, na foleni ya Dar es Salaam inaweza kula muda wa kutoka Lamadi hadi Mwanza. Gesti ya Temeke, Keko au Chang'ombe ni bora kuliko ndugu wa Kibamba, hata ndugu awe mkarimu kiasi gani. Salamu zake zipelekwe siku ya ziada.

Uwanja wenyewe ulikamilika 2007, kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na China, na viti vyake ni 60,000. Kwa miaka 13 uliitwa Uwanja wa Taifa. Benjamin Mkapa, ambaye ujenzi ulianza akiwa rais, alifariki Julai 2020, na siku hizohizo za msiba ukapewa jina lake. Wenye mzaha wakauita Lupaso, kwa jina la kijiji chake cha Masasi. Brazil walicheza hapo Juni 7, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, wakaifunga Taifa Stars 5-1, na bao moja la Stars ndilo linalokumbukwa. Mei 28, 2023 Yanga walipoteza hapo 2-1 dhidi ya USM Alger katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho, wakashinda 1-0 Algiers, kikombe kikaenda kwa sheria ya bao la ugenini. Oktoba 20, 2023 Simba na Al Ahly walifungua hapo African Football League kwa sare ya 2-2. Agosti 2, 2025 Stars waliifunga Burkina Faso 2-0 katika ufunguzi wa CHAN. Hakuna kibao kinachomweleza mgeni hata moja kati ya haya. Afike akiwa anayajua.

Tiketi hununuliwa kwa simu na kuwekwa kwenye kadi ya N-Card, na kadi hiyo ipatikane kabla ya siku ya mchezo, kwa kuwa foleni za siku hiyo huanza asubuhi. Viti vya VIP viko chini ya paa upande mkuu. Vya rangi ya machungwa vinafuata kwa bei. Vya mzunguko, nyuma ya magoli na kwenye kona, ndivyo vya watu wengi. Aliyekaa mzunguko huona goli moja vizuri na jingine kwa imani, lakini huwa ndani ya ngoma. Kwa kuangalia soka, machungwa. Kwa kuangalia Wagika na Wagalu wa leo, mzunguko.

Kuhusu usalama, kumbukumbu iliyo nzito kuliko zote iko uwanja wa jirani. Machi 21, 2021, wakati wa kuuaga mwili wa Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwa kukanyagana. Tangu hapo kundi lenye akili huingia mapema, saa tatu au nne kabla ya filimbi. Hupanga mahali pa kukutania nje, kwa kuwa mtandao wa simu hulemewa umati unapotoka kwa pamoja. Huwaacha watoto wadogo nyumbani siku ya dabi. Na hukaa vitini mpaka msongamano wa milangoni upungue. Dakika 30 za kusubiri hazimkoseshi mtu basi la kesho.

Siku inayofuata ndiyo ya kuuona uwanja. Ukiwa mtupu, Mkapa unaonekana mkubwa zaidi. Kwa kuwa ni mali ya serikali, chini ya wizara inayosimamia michezo, kundi linalotaka kuingia siku isiyo na mchezo huandika barua mapema kwa uongozi wa uwanja, likitaja idadi ya watu na lengo la ziara. Shule na matawi yenye mhuri husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mtu mmoja mmoja getini. Hata barua isipojibiwa, Uhuru uko hatua chache. Ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa wa kwanza, na ndio washabiki wanaouita Shamba la Bibi. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa hapo na ya Tanganyika ikapandishwa. Mwaka 1993, mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Simba walipoteza hapo 2-0 kwa Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, baada ya sare ya bila mabao ugenini. Ukitafuta simulizi, mtaje Stella karibu na genge lolote la Temeke lenye mzee wa umri wa miaka 60, kisha uagize chai; hutaondoka kabla ya saa sita.

Jengo la Yanga liko Jangwani na la Simba liko Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na mtu hutembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine. Ni matembezi mazuri ya asubuhi, hasa kwa anayetaka jezi, ingawa bei za vichochoroni na za dukani si moja na ubora vilevile. Makumbusho ya Taifa, Barabara ya Shaaban Robert, yaliyofunguliwa 1940, si ya soka. Yanafaa kwa aliyesafiri na watoto, ambao baada ya kukaa njiani siku nzima kwa ajili ya mpira wana haki ya kuona magari ya viongozi wa zamani na kusikia habari za fuvu la Olduvai.

Kinachobaki ni Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuziandaa kwa pamoja. Zikichezwa katikati ya mwaka, kalenda ya pamba na ya soka zitakutana: fedha za pamba zitakuwapo, ngoma za mavuno zitakuwa uwanjani, na mechi hazitakuwa zimefungwa. Arusha inajengewa uwanja wa viti 30,000, na kwa mtu wa Busega huko ni karibu kuliko Dar es Salaam, hasa anayeweza kumudu ada ya kupita Ndabaka na kukatiza Serengeti. Matawi yanayoanza michango sasa yana muda wa kuamua njia. Yaliyozoea kuanza wiki mbili kabla ya filimbi yatazitazama fainali hizo kibandani.